Mguu wa Guyo Usikandwe Tena

Chechelesi, Isiolo
Jumapili

Kwa Baba yangu,

Salaam aleikum. Namwomba Mungu barua hii ikukute mzima, na Mama, na wote wa boma, na mifugo iwe imepata majani. Sisi hapa kwa Shangazi Talaso tuko salama. Nilikuwa na homa kidogo lakini imeisha, na shule inaendelea vizuri.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Baba, ukipiga simu huwa unaweka sauti ya nje ili kila mtu asikie, na Babu huwa ameketi kando yako. Neno nililo nalo nilishindwa kulisema Babu akisikiliza. Hata kuliandika kumenisumbua: hii ni barua ya tatu, mbili nimezichana. Ni juu ya mguu wa mdogo wangu Guyo.

Ulituambia Jumanne kwamba Guyo aliruka kutoka juu ya tangi la maji, kifundo kikapinda, na Babu ameushika mguu akasema haukuvunjika, umeteguka tu, na anaukanda kwa samli asubuhi na jioni. Nilifurahi kusikia hivyo. Lakini wiki hii hii tulikuwa tunasoma mifupa katika biolojia.

Mwalimu wetu, Madam Kendi, alitaka kila mmoja alete mifupa miwili, wa mnyama mchanga na wa mzee. Mimi sikuwa na shida kupata, kwa sababu hoteli ya Shangazi iko karibu na soko la mifugo na supu haikosi. Shangazi alicheka. "Mifupa ya supu unaipeleka shule? Watu watasema nimekunyima nyama." Nikachukua mguu wa mbuzi mzee na mguu wa mbuzi wa miezi minne. Nilitaka iwe safi kabisa, kwa hivyo niliichemsha mchana kutwa. Nilipoitoa, ule wa mzee ulikuwa mzima. Ule wa mchanga, vichwa vya mfupa, kule nchani, vilikuwa vimetoka. Nilifikiri nimeuharibu, na hakukuwa na mwingine. Nikafunga vipande vyote kwa gazeti, nikaenda navyo.

Nilipovifungua darasani, Mwenda, ambaye hukaa nyuma yangu, alisimama ili wote wasikie. "Madam, Kabale ametuletea mbuzi wa ajali!" Darasa lote likacheka. Unanijua, Baba. Nilitazama chini nikaanza kukunja gazeti.

"Wacha hiyo mifupa hapo," Madam Kendi akasema. "Mwenda, wewe umeleta nini?"

"Nimesahau, Madam."

"Basi kaa."

Akachukua kichwa kimoja akakiweka mahali pake, kikaingia sawasawa, kama kifuniko. Alisema sikuharibu kitu. Mfupa wa mtoto hauongezeki urefu katikati, unaongezeka karibu na ncha zake. Hapo, kati ya mfupa na kichwa chake, pana bamba jembamba la gegedu, kitu laini kama kile cha ndani ya sikio. Gegedu hilo hukua, na upande mmoja wake hugeuka kuwa mfupa mgumu, polepole, mpaka mtu akishakuwa mkubwa bamba lote linakuwa mfupa na urefu unakoma. Ukichemsha mfupa mchanga, gegedu linalainika na kichwa kinatoka. Mbuzi mzee hana tena bamba hilo.

Nilikumbuka wazee wanaokula kwa Shangazi. Wakiletewa nyama ya mbuzi mchanga, huuvunja mguu pale chini juu ya kwato. Ukikatika kwa urahisi, na pale ulipokatika pakawa na meno meno mekundu, wanakubali. Ukikataa, wanamwambia Shangazi amewauzia babu yao. Wewe pia nimekuona ukifanya hivyo. Wanavunja bamba hilo hilo.

Halafu Madam akasema jambo lililonifanya niache kuandika. Kano, zile kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa kwenye kiungo, kwa mtoto zina nguvu kuliko bamba. Kifundo kikipinda, kwa mtu mzima kano ndizo huvutika au kuchanika. Kwa mtoto, bamba linaweza kuachia kwanza.

Guyo ana miaka kumi.

Kengele ilipolia nilibaki darasani, nikamweleza Madam. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema yeye si daktari, nikaulize hospitali. Shangazi hakupenda. "Baba yangu amefunga mifupa ya watu tangu sijazaliwa," akaniambia, "na wewe unataka kumfundisha kwa miguu ya supu?" Lakini Ijumaa akafunga hoteli saa nane, akavaa leso yake nzuri, tukaenda pamoja.

Daktari tuliyemkuta hakutucheka. Alisema bila kuona mguu hawezi kujua, na huenda ni kuteguka kweli. Lakini kama ni bamba, kukandwa na kuvutwa kunaweza kulisogeza zaidi, na likipona vibaya mfupa unaweza kukua ukipinda au kuacha kukua, na mguu mmoja ubaki mfupi. Kwa vyovyote, alisema, usikandwe tena kabla ya picha ya eksirei, na Guyo asiukanyagie.

Alitufundisha namna ya kuangalia. Tafuta ule mfupa uliotokeza upande wa nje wa kifundo. Kwanza bonyeza nyama laini iliyo chini yake. Kisha panda juu ya ncha yake kwa upana wa kidole kimoja au viwili, ubonyeze mfupa wenyewe, taratibu. Usimwambie unatafuta nini, maana Guyo hapendi kuonekana akilia. Mtazame usoni. Pakiuma pale juu ya mfupa, aletwe hospitali. Na hata pasipouma, kama tangu aumie hajaweza kutembea hatua nne, aletwe vilevile.

Babu hakukosea. Mikono yake ilitafuta mfupa uliovunjika na haikuukuta. Bamba halitambuliki kwa mikono, na hata kwa picha daktari alisema ni kazi kuliona.

Nisalimie Mama, na dada mdogo anayechunga ndama, na mama mkubwa wa boma la jirani ambaye huniulizia. Guyo mwambie simcheki.

Adan, dereva wa lori, ndiye anakuletea barua hii. Jumatano anarudi sokoni na mbuzi, na nimemwomba amwekee Guyo nafasi ya mbele, kando yake. Kama barua hii utamsomea Babu au hutamsomea, ni juu yako. Mimi ningependa asikie yote. Barabara ni mbovu, na hakuna mtu ninayemjua anayeweza kuufunga mguu kwa vijiti vikakaa imara mpaka Isiolo kama Babu.

Jumatano nitakuwa kwenye geti la soko tangu asubuhi.

Binti yako,
Kabale