Jogoo wa Ushahidi

Shikamoo Bibi,

Joto la hapa Ufukoni halina adabu, lakini ninakula vizuri.

Kaka amefungua machinjio ya kuku. Kuku hupigwa shoti ndogo ya umeme azimie, ndipo achinjwe bila kuhisi maumivu. Mchinjaji wake, Ustadhi Shaweji, hataki kuchinja mzoga, yaani kuku aliyekwisha kufa kwa umeme. Kwa hiyo kila asubuhi kuku wa kwanza huzimishwa, akalazwa mchangani, na asipoamka mwenyewe hakuna kazi.

Leo jogoo alilala mpaka wateja wakaanza kunong'ona na Kaka akaloa jasho. Ustadhi alikuwa ameshaviringisha kisu kwenye kitambaa. Mara jogoo akajikung'uta, akawika.

"Haya, leteni wenzake," akasema Ustadhi.

"Na huyu?" nikauliza.

"Huyu ni shahidi wetu. Shahidi hachinjwi."

Ua wa Kaka umejaa mashahidi. Mchana tulikula pweza na ugali wa muhogo, wao wakidonoa makombo miguuni petu.

Nikakukumbuka unavyomfunika kuku macho kwa upindo wa khanga kabla ya kumchinja. Nakuletea huyu jogoo, Bibi. Mwandalie banda, kisu ukifiche.

Mjukuu wako akupendaye,
Neema