Picha Nilizozikubali kwa Jina Lako

Dada Nekesa,

Miezi saba imepita tangu tukuzike kwenu Webuye, na leo ndiyo mara ya kwanza nimethubutu kukuandikia. Si kwamba nilikusahau. Nilikuwa naona haya.

Ofisi bado iko hapa Kitengela, juu ya lile duka la dawa za mifugo, ile agrovet, na harufu ya dawa ya kuogesha ng'ombe bado inatupandia ngazi. Zile kompyuta tatu, ya Windows, ya Mac na ya Linux, bado zinafungua kurasa zilezile za mtandao kwa kivinjari tunachokitengeneza, zinapiga picha kila ukurasa na kuilinganisha na picha ya mfano. Ikitofautiana, mstari wake kwenye orodha unakuwa mwekundu. Kiti chako hakijapewa mtu. Tunawekea makoti.

Uliponifundisha kazi hii, nikiona wekundu kwenye Windows peke yake, mdomo ulikuwa unanitangulia: ni herufi tu, kila mfumo una herufi zake. Ulikuwa unavuta kiti, kikombe cha chai mkononi, unasema, "Mutua, usiniambie ni font. Nionyeshe." Na sheria yako haikuwa na mjadala: picha ya mfano haibadilishwi mpaka watu wawili waiangalie kwa macho yao, na majina yao yaandikwe.

Ijumaa ile ulikuwa umelazwa Kajiado, na toleo jipya lilikuwa linangojwa. Windows ikajaa wekundu. Nilifungua picha mbili za kwanza, nikaona herufi zimesogea kidogo, nikachoka. Nikazikubali zote ziwe mifano mipya. Mahali pa mtu wa pili nikaandika jina lako.

Baada ya mazishi yakaja malalamiko. Mama mmoja wa Matasia, macho yake ni dhaifu, hukuza maandishi ndipo asome. Alikuwa anamwombea mwanawe nafasi ya chuo, na kitufe cha kutuma fomu kilikuwa kimefunikwa na maandishi. Alihangaika nacho mpaka siku ya mwisho ikapita. Kosa lilikuwa la kivinjari chetu, na lilikuwa wazi kabisa kwenye zile picha za maandishi yaliyokuzwa, ambazo sikuzifungua.

Walipofuatilia, walikuta jina lako. Kwenye mkutano bosi alisema kwa upole, "Nekesa alikuwa mgonjwa sana, wacha tumsamehe." Watu wakainamisha vichwa. Na mimi nikainamisha changu, Dada. Nilikuacha usamehewe kosa langu.

Kuna jambo gumu zaidi. Siku mbili kabla hujatuacha uliniandikia ukiwa kitandani: "Mutua, naona jina langu kwa picha sijaona. Nikitoka tutaziangalia pamoja, usijali." Ulijua. Ungemwambia bosi, na hukumwambia. Nami nikakujibu, "Sawa Dada, pona haraka," kama mtu asiye na neno moyoni. Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko Biblia yangu.

Leo asubuhi nimewaandikia wote ofisini. Nimeeleza kila kitu, nikaambatisha na ujumbe wako, nikaomba jina lako liondolewe pale. Nimempigia simu yule mama pia. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akakata. Bosi ameniita Jumatatu, na akinifuta kazi sitakuwa na la kujitetea.

Lakini leo ni Jumamosi na funguo bado niko nazo. Nimekaa peke yangu, nazifungua picha zote za Ijumaa ile, moja moja, Windows kando ya Mac kando ya Linux. Nimefika ya kumi na tisa. Tayari nimepata nyingine mbili zenye makosa, na yeyote angeyaona.

Pumzika, Dada. Nakuahidi sitashuka ngazi hizi kabla sijaiangalia ya mwisho. Jina la kwanza nitaandika langu. Mahali pa mtu wa pili nitapaacha wazi.

Mutua