Kikombe Kimoja kwa Kila Safari

Jumatatu, 7 Oktoba 2019

Gari imekataa tena. Mwanangu Robow ametoka nayo asubuhi kwenda Merti, akafika kizuizi cha polisi tu, akarudi. Ikipanda mwinuko kidogo inaishiwa nguvu, inaruka-ruka kama punda aliyefungwa mzigo vibaya. Ikisimama inatetemeka mpaka milango inalia. Robow anasema, hooyo, mama yangu, usijali, ni plagi.

Nitaachaje kujali! Binti yangu Bisharo yuko Merti na mimba ya miezi minane. Daktari wa hapa mjini alisema aje akae huku karibu na hospitali kubwa kabla ya mvua. Na leo mawingu yamekaa upande wa Meru siku nzima. Mvua ikishika, ile barabara ni matope. Hapiti mtu.

Mtoto wake wa kwanza tulimzika njiani, mwaka juzi. Lori ilikuwa imekwama. Sitaki kuandika hiyo.

Jumanne, 8 Oktoba

Plagi mpya zote. Gari ni ile ile.

Fundi Rimberia amemcheka mwanangu. Ati, Robow, wewe ukiumwa na tumbo unanunua kofia? Rimberia anaijua hii pikapu tangu mume wangu Abdiwali alipokuwa hai, Mungu amrehemu. Kesho ataleta geji. Amesema hapimi kwa macho.

Jumatano, 9 Oktoba

Geji ni kitu kama saa, ina mshale mmoja. Rimberia amefungua paipu ya petroli karibu na injini, akaifunga hapo. Nilikuwa nimewatolea chai nikasimama kutazama. Akanieleza pole pole. Mama Robow, petroli lazima isukumwe kwa nguvu mpaka injini. Isiposukumwa vizuri injini inalia njaa, kama mtoto anayenyonya kwa mama asiyekula.

Mshale ukasimama chini. Robow akakanyaga mafuta — ukaanguka zaidi! Rimberia akabana kwa koleo ile paipu ndogo inayorudisha petroli kwa tanki. Akasema, mshale ukipanda, shida iko huku mbele. Haukupanda. Akanyoosha kidole nyuma ya gari, kwa tanki. Inatoka huko.

Akafungua filta akaimwaga ndani ya chupa. Petroli ikakaa juu. Chini yake maji. Maji mekundu, ya kutu.

Akauliza, haya maji yametoka wapi?

Birika ilikuwa mkononi mwangu. Nikaiweka chini.

Jumatano, baada ya asri

Nimeswali lakini moyo haujakaa. Niandike hapa, kwa watu sijaweza.

Ni mimi.

Sisi kabla ya safari tunanyunyizia gari maji yaliyosomewa Kurani. Hata marehemu alikuwa hatoki bila hayo. Baada ya yule mtoto, kila Robow alipoenda Merti nilinyunyizia magurudumu yote manne, na mlango, na kioo. Halafu siku moja nikafikiria: magurudumu yamepata baraka, na tumbo la gari je? Nikafungua tanki. Kikombe kimoja. Robow akaenda akarudi salama. Nikasema, basi. Tangu siku hiyo, kikombe kimoja kwa kila safari. Sasa ni karibu miaka miwili.

Maalim aliyeyasomea alisema nyunyiza. Hakusema mimina. Hiyo ilitoka kwangu. Shule niliishia darasa la nne, lakini hata mtoto anajua maji na petroli si ndugu. Nilijua. Nilifikiri haya si maji kama mengine.

Alhamisi, 10 Oktoba

Robow amepata mwizi! Anasema ni Dabaso, yule Mborana anayeuza petroli kwa jerikeni huko Merti. Amempigia simu mbele yangu. Umetuuzia maji wewe! Dabaso naye akajibu kwa sauti mpaka nikasikia: pikipiki yangu inakunywa jerikeni hiyo hiyo, mbona haijaota ndevu? Wallahi mafuta yangu ni safi. Robow akakata simu.

Ni Dabaso huyo huyo aliyempeleka Bisharo kliniki mwezi jana, bila kuombwa na mtu. Mimi nilikuwa nachagua mchele. Nikaendelea kuchagua mchele.

Rimberia alisema hivi. Kama maji ni ya jerikeni moja tu, ya juzi, tutamwaga, tutaweka filta mpya, mjaze hapa mjini mwende. Lakini kama yamekaa siku nyingi, tanki imeliwa na kutu ndani. Uchafu utaziba pampu tena, na itakuwa katikati ya njia. Hiyo ni kushusha tanki na kuiosha. Siku mbili, labda tatu.

Akauliza, yamekaa muda gani?

Robow akasema, ya juzi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Bisharo amepiga. Miguu imevimba. Hooyo, mnakuja lini? Nikasema kesho, inshallah.

Filta mpya imewekwa. Gari inanguruma vizuri. Mshale umepanda. Rimberia ameutazama sana akasema, umepanda, lakini sijafurahi.

Nilifungua mdomo mara tatu. Mara ya tatu Robow akaniuliza, hooyo una nini? Nikasema chumvi. Chumvi imeisha.

Jumamosi, 12 Oktoba

Asubuhi. Mawingu yamefika juu ya mji. Godoro la Bisharo liko nyuma ya gari, na mito miwili. Robow ameniita akicheka, hooyo leta maji yako, leo mwaga mengi, tukutane na Dabaso tukiwa na ulinzi!

Nikatoka na kikombe. Nikanyunyizia magurudumu. Mlango. Kioo. Halafu mkono ukaenda wenyewe kwa kifuniko cha tanki. Nikauona uko hapo. Mkono wangu.

Nimemwaga kikombe chini ya mti. Ufunguo ulikuwa unaning'inia ndani ya gari. Nimeuchukua.

Nikisema, ni siku mbili au tatu za kuosha tanki, na mvua inaweza kuja ndani ya siku hizo, na uchungu pia. Nikinyamaza, gari inaweza kuzima kule kule, Bisharo akiwa ndani. Nimepima huku, nimepima huku. Ya Rabbi, ni mtoto mmoja huyo huyo pande zote mbili.

Robow anatafuta. Amemuuliza Rimberia, amemuuliza jirani, ametoa godoro lote nje. Mimi hajaniuliza. Hata haimwingii akilini kuniuliza.

Ufunguo uko chini ya daftari hili.

Sasa nasikia viatu vyake. Yuko mlangoni. Anasema, hooyo, mbona umekaa, tunachelewa —

Nainua daftari aone ufunguo. Robow, yale maji ni mimi