Gundi Chini ya Fuwele

3 Machi

Mpwa wangu,

Salamu. Mimi mzima, ila magoti yananisumbua. Ya kwako siyajui, maana barua yako imejaa majigambo, afya hukuitaja.

Nimesoma makala unayotaka tuichapishe kwa majina yetu sote wawili. Unasema katika fuwele za chuma nilizokuoteshea, zile zinazopitisha umeme bila kupoteza hata chembe kwenye baridi kali, elektroni huyumbayumba pande mbili, kisha huegemea upande mmoja, na mitetemo ya atomi hulegea nazo. Tena mapema, baridi ikiwa bado ndogo, kuliko alivyowahi kuona mtu. Hongera. Sasa niambie, fuwele uliishikiza kwa kitu gani? Kwa gundi, najua. Gundi ikipoa husinyaa, ikaibana fuwele. Elektroni hazikuchagua upande, umezisukuma wewe. Pima upya bila gundi, la sivyo futa jina langu.

Shangazi yako

11 Machi

Shikamoo shangazi. Mimi sijambo, pole na magoti.

Nilidhani kazi yako ni tanuri tu: kuchanganya chuma na seleni, kungoja wiki sita, kututumia fuwele kwenye bahasha. Kupima tuachie sisi. Bila makala hii sipati shahada mwezi wa sita, na baba ameshawatangazia watu. Gundi wanatumia wote. Asiyejua maana haambiwi maana.

Jina lako nimelifuta.

Mwanao

20 Machi

Mpwa wangu, hujambo? Mimi sijambo.

Baba yako ni kaka yangu, namjua. Angetangaza hata mafua yako. Ukiituma hivyo hivyo, namwandikia msimamizi wako. Heri mwizi, yeye hajidanganyi.

Shangazi yako

2 Aprili

Shikamoo shangazi. Natumaini u mzima.

Nimeshikiza fuwele ncha moja tu, kwa grisi, nikapima siku tisa. Hakuna kinachoegemea. Shahada ndiyo imekwenda, furahi.

Nikingoja mashine ipoe, nimesoma makala yako ya miaka kumi na miwili iliyopita, ile iliyokupa tanuri na ofisi yenye dirisha. Ukurasa wa nne: fuwele zilibandikwa kwa gundi. Nyani haoni… malizia mwenyewe.

Mwanao

30 Mei

Mpwa wangu,

Natumaini unakula na kulala. Mimi nalala vibaya.

Barua yako niliichana, kesho yake nikaokota vipande. Nilijua. Nilijua tangu mwaka wa pili baada ya kuichapisha, nikanyamaza, maana tayari nilikuwa naitwa bingwa na nilipenda kuitwa. Ndiyo maana gundi yako niliiona kabla hujaitaja. Matusi niliyokuandikia nilikuwa nimeshayazoea. Najiambia kila siku.

Juzi nimewaandikia wachapishaji waiondoe makala yangu. Leo mkurugenzi wa maabara yetu amechukua funguo za tanuri, bila hata kuniangalia usoni. Nimeona aibu sana.

Humu kwenye bahasha kuna fuwele tano, za mwisho nilizootesha. Moja imevunjika pembe. Zipime, uandike utakachokiona, hata kama huoni kitu.

Shangazi yako