Mji wa Masanduku

Jumatatu, 6 Oktoba

Tumepoteza mchezo wa nyimbo. Leo, saa tatu asubuhi, kwa ujumbe wa simu uliotumwa kwa wazazi wote. Msimu wa maigizo wa shule ulikuwa na michezo mitatu: wa mahakamani Novemba, wa nyimbo Desemba, michezo mifupi Machi. Mitatu imebaki miwili. Penye Desemba wameandika "itajulikana baadaye". Sababu hakuna.

Nilikuwa karakana, Jebel Ali, nakata plaiwudi ya nyumba ya tano. Nikasoma, msumeno ukazunguka bure mpaka Kastori akauzima. Kastori ndiye fundi wangu mkuu, mtu wa Songea, tuko pamoja tangu karakana ikiwa kibanda na meza moja. Akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia aendelee na kazi.

Sisi twatengeneza masanduku ya mbao ya kusafirishia mizigo. Ya mashine, ya vioo, ya piano mara mbili. Niliingia mji huu wa Dubai kama mfungaji mizigo, na kisu na utepe wa gundi. Leo sanduku langu likishushwa bandari yoyote, kilichomo kimepona. Shule walipotafuta mtu wa kuwajengea mji wa jukwaani nilijitolea. Nyumba saba. Mbao zangu, mafundi wangu. Nne tulizipeleka juzi Jumamosi.

Na Salma, binti yangu, ndiye mwimbaji mkuu. Ana miaka kumi na sita. Likizo nzima amejifungia bafuni hapa kwetu Al Baraha, akiimba, maana asema sauti humo hutoka nene. Leo amerudi, amekula wali, ameosha sahani yake, ameingia chumbani. Hakulia. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekwenda shule. Miss Rania, mwalimu wa maigizo, alinikaribisha vizuri mno. Tende, kahawa, kiti chenye mto. Akasema ratiba imebadilika. Nikauliza ratiba ipi. Mambo ya ukumbi, akasema. Mambo gani? Inshallah mwakani.

Kuishi hapa kumenifunza kuwa inshallah ni mbili. Ipo ya mtu anayemtegemea Mungu. Ipo ya mtu anayekusindikiza mlangoni. Nilijikuta mlangoni.

Hasira tupu. Nikapanda metro kurudi kazini. Vumbi lilikuwa limefunika miguu ya majengo, vimebaki vichwa tu, vinaelea, vyeupe, kama vimefunguliwa kamba. Nikavitazama mpaka kituo changu kikanipita. Mimi, kupitwa na kituo.

Jumatano, 8 Oktoba

Oda ya vioo. Kazi mpaka jioni. Salma haimbi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimejua.

Kastori alikwenda shule kuchukua ngazi tuliyoisahau. Mlinzi, Mganda mmoja mkarimu, akamfungulia ukumbi. Akapiga picha, akanitumia. Nyumba zangu nne ziko jukwaani. Jukwaa lina kimo cha mita tano. Nyumba zina mbili na robo. Zimesimama pale kama watoto waliopotea uwanja wa ndege.

Mchoro wa Miss Rania ulikuwa na upana tu. Kimo hakuandika. Labda kwake kila mtu ajua nyumba ni ndefu. Nami sikuuliza, maana sikuona cha kuuliza. Mlango wa kontena una kimo chake, unaacha upana wa vidole juu, unapata mbili na robo. Hivyo ndivyo mkono wangu unavyojua kitu kikubwa. Kikizidi hapo hakiingii, na kisichoingia si kitu. Mafundi wanne tumezijenga, tumezipakia, tumezishusha, hakuna aliyeshtuka.

Kastori aliporudi alivua kofia. "Mama Salma, hivi zile nyumba tulikuwa tunazisafirisha wapi?"

Nilicheka. Kisha kicheko kikakatika.

Kumbe mambo ya ukumbi ni mimi. Jioni Salma amenieleza yote, polepole, kama anayemsomea mgonjwa. Miss Rania aliziona Jumamosi akanyamaza. Kuzijenga upya hakuna muda. Kalenda ya msimu inafungwa Alhamisi ijayo jioni, inakwenda kuchapishwa, na siku za ukumbi zikiwa tupu hupewa wengine. Akaona bora aufute mchezo mapema. Salma alijua tangu mwanzo. "Sikutaka uaibike, Mama."

Nimeumia. Si kwa nyumba. "Nyumba zako fupi." Maneno matatu. Mwalimu mzima na mtoto wa tumbo langu, hakuna aliyeweza kuyatoa. Wamewanyima watoto thelathini nyimbo zao ili mimi nisinune. Heshima gani hiyo? Nani aliwaomba?

Ijumaa, 10 Oktoba

Baada ya swala nikajinyoosha kidogo. Nikaota niko Mombasa, Mji wa Kale, mtaani kwetu. Ila paa zote zilinifika kiunoni. Natembea na buibui langu linafagia madirisha. Nachungulia nyua kutoka juu. Mwanamke anapepeta mchele, ungo wake kama kifungo cha shati. Nyanya yangu yumo katika chumba kidogo kama mtoto wa meza, anachana nywele, nywele zake nyeusi tena. Nataka kuinama nimwamkie, naogopa nitamzibia mwanga. Hakuna sauti, isipokuwa maji yanamiminwa mahali fulani, kutoka chombo hadi chombo, hayaishi. Nikasimama hivyo, mkubwa, nimejaa mapenzi, sina pa kukanyaga.

Nimeamka mkono una ganzi.

Jioni nikamhadithia Salma, hivi hivi tu, tuko mezani. Akaacha kutafuna. Akasema huo ndio mchezo wenyewe. Mchezo wameuandika wao wanafunzi: msichana aliyezaliwa hapa Dubai, kila alalapo huenda kutembea katika mji wa nyanya yake, mji asioujua ila kwa picha za simu. Kwenye picha mji ni mdogo. Basi na ndotoni ni mdogo, lazima autembee kwa ncha za vidole asije akavunja kitu.

Sikujua. Miezi yote ile nilisikia sauti kupitia mlango wa bafuni. Nilijua nyimbo ni tisa. Nilijua upana wa kila nyumba. Hadithi yake sikuuliza.

Salma akawa ananitazama. "Mama, si tuziache hivyo hivyo?"

Nikamwambia ale kwanza.

Jumatatu, 13 Oktoba

Ukumbini, baada ya masomo. Mlinzi alifungua akageuka akatazama ukuta. "Madam, mimi leo sijakuona." Tuliingia mimi, Salma na wenzake watatu.

Salma akavua viatu, akapanda juu ya nyumba ya kwanza. Wenzake wakashika vichwa. Paa halikulia. Sanduku langu hubeba mashine ya tani nzima. Msichana mwembamba yule kwake ni upepo. Akavuka hadi paa la pili, la tatu, mikono ameinua kidogo, kama anayepita kati ya watu waliolala. Akaimba.

Taa zilikuwa zimezimwa. Mwanga wa rangi ya chai ulikuwa ukiingia kwa mlango wa nyuma, na vumbi la mbao likipanda ndani yake polepole. Juu ya nyumba palikuwa na giza jingi, lile pengo lililoniaibisha pichani. Sasa nikaliona anga. Kadiri nyumba zilivyokuwa fupi ndivyo usiku wake ulivyokuwa mkubwa. Sauti yake haikuwa nene hata kidogo. Ilikuwa nyembamba, inatoka mbali, na mimi nilikuwa sijui niko mji gani.

Nikageuka. Miss Rania yuko nyuma yangu, sijui tangu lini. Wanja umemvuja. Akauliza kwa sauti ndogo, paa moja labeba watoto wangapi. Kumi na wawili, nikamwambia, lakini wewe andika wanane.

Kisha nikamtolea na langu. Kazi yangu ikiwa mbovu niambie mimi, usiwafutie watoto. Nilitaka ajitetee nipate pa kugombania. Hakujitetea.

"Siku ile ulipozileta ulikuwa umefurahi sana," akasema. "Ulikuwa unazipangusa kwa mtandio wako. Nikashindwa."

 

Jumanne, 14 Oktoba

Tumekwenda kwa mkuu wa shule, mimi na Miss Rania. Watoto walijipanga koridoni wakijifanya wanasoma matangazo ukutani. Mkuu ni mtu wa adabu, anasikiliza huku amefumba macho nusu. Akauliza mtoto akianguka itakuwaje. Nikamwambia nitaweka vizuizi kila ukingo, kimo cha goti, vipakwe rangi ya giza visionekane. Akauliza kwa nini nyumba zisiwe ndefu tu kama nyumba. Miss Rania akamweleza ndoto, yaani ya msichana wa mchezo. Yangu nilimnyima. Mkuu akasema wazo zuri, atalitafakari, tutawasiliana.

Salma ana imani. Mimi neno "tutawasiliana" nimeshalala nalo njaa.

Kastori anasema watoto wakikubaliwa kupanda paa, tuwapige muhuri wa mshale kama mizigo mingine, upande huu juu. Mafundi wakacheka mpaka mmoja akaangusha nyundo. Nikawaambia yalla, kazi. Tumetengeneza vizuizi vya nyumba sita. Wamebaki mpaka jioni bila kuambiwa.

Jumatano, 15 Oktoba

Nyumba ya saba imekwisha. Mbili na robo, kama nduguze. Tumeipaka rangi ya chokaa kuukuu, Kastori akaiwekea mlango wa nakshi ndogo aliyoichonga mwenyewe wakati wa chakula, kumbe uchongaji hajausahau. Mashine zimezimwa. Mlango mkubwa uko wazi na upepo unaingia, wa kwanza mwaka huu usio wa moto.

Salma alikuja moja kwa moja kutoka shule. Alisema anakagua. Sasa amelala kati ya nyumba tatu juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, na sare yake, mdomo wazi. Mafundi wanapita kwa ncha za vidole, majitu yale, wamebeba viatu mkononi. Bandarini winchi zinashuka na kupanda bila sauti. Rangi inakauka. Sina hasira leo. Nimeitafuta, haipo. Nilichokuwa nataka kukiona nilikiona juzi, na hata wakikataa hawawezi kukirudisha nyuma. Lakini watoto wengine hawajakiona, na wamekaa wanangoja, na kungoja bila neno nakujua mimi ladha yake.

Nimemwandikia mkuu wa shule. Nimefuta mara mbili, maneno yalikuwa mengi. Yamebaki haya, na nimeyatuma:

Mwalimu Mkuu, nyumba saba ziko tayari na vizuizi viko. Desemba watoto wataimba au hawataimba? Ikiwa hapana, andika hapana. Nitakuja na lori kuziondoa mwenyewe, na tutaagana vizuri. Nataka neno moja tu, kutoka kwako, kesho, kabla ya saa kumi alasiri.