Daftari Nililokuzika Nalo

Mwanangu Kristina,

Amani ya Bwana iwe nawe huko uliko. Mimi baba yako sina amani.

Jumamosi alikuja Odilo, mwalimu mwenzako wa chuoni. Kabla hajamaliza kuniamkia machozi yakamtoka. Akasema, "Baba, kile kitabu cha seva, zile kompyuta kubwa za kuhudumia nyingine, alichokuwa anatafsiri Kristina kinasubiri maneno. Yote yako kwenye daftari lake la kijani." Daftari nimekuzika nalo, mwanangu. Nililiweka chini ya mikono yako pamoja na rozari, maana hukuachana nalo hata ulipolazwa. Nilidhani nakuheshimu. Kumbe kazi yako ya miaka miwili nimeifukia mwenyewe.

Jumatatu alfajiri nilikwenda makaburini na jembe. Shangazi yako nilimdanganya kwamba napalilia. Nilipiga ardhi mara moja. Mara moja tu, Kristina, nikarudi nyumbani na jembe begani. Nisamehe kwa daftari, nisamehe na kwa jembe.

Sasa nakamua kichwa. Ulikuwa unanijaribia maneno tukiwa shambani, unasema, "Baba akielewa, mwanafunzi ataelewa." Ile kompyuta kubwa ukaiita mwenyeji. Zile kompyuta nyingi za programu tu zinazokaa ndani yake, zisizo na mwili wa chuma, ukaziita wageni. Nikauliza, "Wote sufuria moja?" Ukacheka, "Ndiyo Baba, na yupo wa kuwapakulia." Jina la huyo wa kupakulia ulilitafuta wiki nzima, mpaka nikakwambia, mbona kwenye skimu yetu ya umwagiliaji yupo mgawa maji, asipokuwepo majaruba ya mpunga ya chini yanakauka. Ukatupa jembe, ukaandika "mgawaji" kwa vidole vya matope.

Hayo ninayo, na mengine machache. Lakini lile la kumhamishia mgeni kwenye mashine nyingine bila kumzima? Ulinieleza umeketi kwenye tuta, jua usoni. Jua nalikumbuka. Neno limekwenda. Kila sala namwomba Mungu anirudishie, na kila sala natoka mikono mitupu.

Odilo anarudi Alhamisi. Nitamwambia ukweli wote, hata ule wa jembe. Ninayoyakumbuka nitamtajia. Yasiyokuja sitayabuni kwa jina lako, hiyo nakuahidi mbele ya Mungu. Nitamwomba aache nafasi wazi kitabuni, na mwanafunzi akiuliza, aambiwe lilikuwepo neno, baba wa mfasiri akalizika.

Pumzika, mama. Umwombee baba yako.