Binti Yangu Anataka Tupite Njia Iliyomchukua Baba Yake

Mpendwa Mama Felisita, naomba unisomee mpaka mwisho maana nimefika mahali sijui nishike lipi niache lipi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi hapa Bariadi na nina kibanda cha kushona nguo karibu na stendi, na mume wangu Masalu alifariki mwaka jana wakati wa mvua, alikuwa anapeleka dawa za mifugo kwa wafugaji wa Meatu na gari lake la zamani, jua linawaka kabisa, hakujua kwamba huko juu mvua imenyesha, akashuka korongoni kama alivyoshuka siku zote na maji yakamkuta katikati. Tulimzika kwao Ipililo. Nisamehe kama mwandiko hausomeki, naandika nikilia.

Sasa Mama, kila kiangazi tukishauza pamba Masalu alikuwa anatupakia wote na magodoro na sufuria tunakwenda kulala kwenye ule uwanda wa magadi, kule ambako hakuna mti wala nyasi, ardhi nyeupe tu mpaka macho yanachoka, alikuwa anasema mtoto aliyekulia kwenye matope meusi ya mbuga lazima aone na nchi isiyo na kitu, na kila tulipofika njia panda alisimamisha gari, akakata tawi bichi akalilaza kwenye njia ambayo hatuipiti, kama wafanyavyo wachungaji wanapohamisha ng'ombe, ili anayekuja nyuma asipotee. Aliwaambia watoto, "Tawi anaweka aliyetangulia." Elia wangu mdogo alikuwa anagombea kulibeba.

Mwaka huu mama mkwe wangu, bibi Kwandu, amesema anataka apelekwe mahali alipopapenda mwanawe kabla miguu haijamkataa, na shemeji yangu Mboje amekubali kutupeleka na Land Cruiser yake, mimi mwenyewe nikafurahi kwa mara ya kwanza tangu msiba, lakini shida ikawa njia. Kuna ya changarawe ambayo greda limepita, hiyo ni laini ila inazunguka mbali na inaishia kijijini, uwanda wenyewe huuoni. Kuna ya katikati inayofuata mapito ya ng'ombe juu ya kilima cha mawe, inatikisa na mwishoni ina mchanga, lakini haivuki korongo. Halafu kuna ile fupi ya Masalu, inayovuka lile korongo lililomchukua. Bibi mgongo unamsumbua, Elia ana pumu, na Winnie, binti yangu wa kidato cha tatu, anasema kama hatupiti alipopita baba yake yeye haendi.

Mama Felisita, niliogopa. Tulipokwenda na Mboje kukagua njia, tulipofika pale zinapogawanyika nilimwambia asimame, nikashuka, nikakata tawi nikalilaza kwenye ile njia ya korongo, nikarudi nyumbani nikamwambia Winnie kwamba wafugaji wameifunga, haipitiki tena. Jumapili tukiwa tunakula Winnie akamuuliza baba yake mdogo ni wafugaji gani waliofunga, na Mboje hajui kudanganya, akainamisha kichwa akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, lile tawi kaliweka mayu, mama yako."

Mtoto akaweka kijiko chini. Akaniambia, "Kwa hiyo baba umemfungia njia."

Tangu siku hiyo hanisemeshi, nikipakua chakula anasubiri nitoke ndipo ale, bibi anauliza safari ni lini, Mboje anangoja neno langu, na mimi nashindwa hata kuitazama barabara ya kwenda Meatu. Je, niivunje safari? Au nimpitishe huko anakotaka ili anisamehe? Nimeshampoteza mmoja, naona huyu naye ananiponyoka nikiwa naye humu humu ndani.

Nyanjige, Bariadi

MAMA FELISITA ANAJIBU

Nyanjige mwanangu, pole. Pole tena, maana ya kwanza naiona umeambiwa na watu wengi wakiwa wima, wakaondoka. Msiba wa maji ni mbaya kwa sababu korongo likikauka linarudi kuwa mchanga tu, kama vile halikufanya kitu.

Nimekupa pole, sasa nikugombeze kidogo. Njia ya mwongo ni fupi, na yako haikufika hata mbali, imeishia mezani kwako. Ulidhani mtoto aliyefundishwa na baba yake kusoma tawi hataulizia tawi? Na umemtwisha Mboje wa watu mzigo wa kukusema mbele ya mtoto. Mtake radhi.

Lakini sikiliza vizuri. Kuiziba ile njia hukukosea. Gari lenye bibi wa mgongo na mtoto wa pumu halishuki korongoni, hata kama ni kiangazi, hata kama Winnie atalia mpaka Krismasi. Hapo usirudi nyuma hata hatua moja. Msamaha wa mtoto haununuliwi kwa kumpeleka mahali pa hatari, na mzazi anayefanya hivyo atapewa bei nyingine kesho. Ulichokosea ni kuliweka tawi halafu ukasingizia wafugaji. Mtoto wako hakukasirikia njia kufungwa. Amekasirika kwa sababu anaomboleza peke yake, na mama yake, ambaye naye anaomboleza peke yake, amemjia na hadithi ya wafugaji.

Kwa hiyo safari ipo. Usiivunje, bibi Kwandu hana viangazi vingi vya kusubiri mgombane mmalize.

Mpite ya katikati. Mwambie Mboje atafute gari la pili, hata la jirani, maana kwenye mchanga gari moja likikwama halina wa kulivuta. Wakifika mchangani wapunguze upepo kwenye matairi, na wabebe pampu ya kuujaza tena. Jembe na vipande vya mbao vya kutia chini ya magurudumu visisahaulike. Maji ya kunywa mbebe mpaka mwone mmezidisha. Bibi akae mbele na mto mgongoni, Elia afungwe kitambaa puani, na dawa yake ya kuvuta ukae nayo wewe mkononi, isipakiwe kwenye mizigo. Mwenyekiti wa kijiji cha mwisho ajue mmepita na mtarudi lini. Mkiona wingu limejaa upande wa juu, hata jua likiwa kichwani penu, mrudi. Hilo sina haja ya kukueleza.

Kabla ya yote hayo kaa na Winnie leo, usingoje kesho. Usianze na hotuba ya mama. Mwambie, "Tawi niliweka mimi, kwa sababu naogopa." Halafu unyamaze, na akilia usimfute haraka. Akisema anataka kuliona korongo, usimkatalie moja kwa moja. Ipo siku kavu ambayo Mboje atawapeleka ninyi wawili tu, mtasimama ukingoni kwa miguu yenu, na wewe utamshika mkono. Siku hiyo si ya safari hii.

Sasa kuna jambo moja ambalo Mboje asilifanye, wala wewe, alifanye Winnie. Mkifika njia panda, gari lisimame. Lile tawi lako litakuwa limeshakauka, litoeni. Mpe Winnie panga akate jipya, Elia alibebe kama alivyozoea, na Winnie alilaze mwenyewe kwenye njia ya baba yake, bibi akitazama. Atakuelewa hapo hapo, bila wewe kufungua mdomo, kwa sababu nyuma yake yupo mdogo wake. Hatakuwa amemfungia baba njia, na wewe hukumfungia. Siku ile Masalu hakuwa na mtu mbele yake wa kumwekea tawi. Watoto wake wanaye.